Springi ya kuvuta au springi ya drobaa: ipi uifunge wapi

Naandika hii nikiwa nimekaa kwenye bembea yenyewe. Ni bembea ya mbao ya watu wawili, iko barazani kwetu Tanga, imening'inia kwa cheni mbili kutoka kwenye boriti, na juu ya kila cheni kuna springi moja ili ukikaa isikugonge kiuno kama umekaa kwenye kingo ya barabara. Springi zilizopo saizi ni za drobaa, yaani springi ya kubana iliyovishwa vyuma viwili ndani. Zilizokuwepo mwanzo zilikuwa za kuvuta, zile za kawaida ambazo koili zimelaliana na kila mwisho kuna kulabu, na zilidumu kama miezi mitano hivi mpaka siku shangazi yangu alipokuja kutoka Muheza, akapewa chai, akakaa, akajivuta nyuma kidogo ajiweke vizuri, tukasikia tang! na upande wa kulia ukashuka mpaka sakafuni.

Hakuumia, tumshukuru Mungu, ila chai yote ilimwagikia kanga. Akaniangalia akasema, "Mwanangu, hii bembea au mtego?" Tangu siku hiyo akija anaomba mkeka.

Nilivyoenda kuokota ile springi nilitegemea nikute imekatika katikati. Wapi. Mwili wa springi mzima kabisa, koili zote zimekaa vizuri, kilichokatika ni kulabu, pale pale inapoinama kutoka kwenye koili ya mwisho. Aliyeniuzia alikuwa ameniambia "hii inabeba kilo mia bosi wangu", na kiukweli hakunidanganya, mwili ulikuwa unabeba. Kulabu ndo haikuwa na habari hizo.

Basi toka hapo nimefunga springi nyingi, zangu na za majirani, kwenye bembea, geti, stendi ya pikipiki, begi la ngumi la vijana wa mtaani, na nimeshika msimamo mmoja: swali la kwanza siyo inabeba kilo ngapi wala bei gani. Swali la kwanza ni siku ikikatika kitatokea nini. Ukishajibu hilo karibu kila kitu kinajipanga chenyewe.

Zinavyofanya kazi

Springi ya kuvuta ni rahisi. Waya umezungushwa koili zimegusana, ukivuta zinaachana, ukiachia zinarudi. Kitu ambacho wengi hawajui ni kwamba nyingi zina mkazo wa mwanzo, yaani waya ulivyokuwa unazungushwa kiwandani ulivutwa kwa namna ambayo koili zinabaki zinang'ang'aniana, kwa hiyo ukivuta kidogo kidogo springi haitikisiki kabisa, inakaa kama fimbo, mpaka ufikie nguvu fulani ndo koili zinaanza kuachana. Hii ni nzuri sana kwenye vitu kama stendi ya pikipiki, maana stendi ikiwa imekunjwa inabanwa kweli kweli, haichezi chezi.

Drobaa sasa. Jina limetokana na kile chuma cha kuvutia mzigo, kama kile cha nyuma ya trekta kinachofungwa tela. Ndani yake ni springi ya kubana, kama ya shokapu, koili ziko mbali mbali, alafu imevishwa vyuma viwili vya umbo la U. U ya juu inapita ndani ya springi mpaka chini, inakamata koili ya chini. U ya chini nayo inapita mpaka juu inakamata koili ya juu. Ukivuta hizo U mbili kila moja upande wake, springi haivutiki, inabanwa.

Kama bado hujaelewa fanya hivi hapo hapo ulipo: chukua kalamu ya kubonyeza, fungua utoe kale kaspringi, tafuta klipu mbili za karatasi zinyooshe kidogo uzikunje ziwe kama U yenye vikulabu nchani. Ya kwanza ipitishe ndani itokee upande wa pili ikamate koili ya mwisho, ya pili ipitishe kwa upande wa pili vile vile. Vuta. Unaona kaspringi kanafupika huku wewe unavuta? Endelea kuvuta mpaka koili zote zigusane, utahisi kanagoma ghafla, kamekuwa kama chuma kimoja. Sasa kata hako kaspringi katikati kwa koleo alafu vuta tena. Vipande viwili vinajikunja, vinabanana, ila klipu zako mbili bado zimeshikana. Hiyo ndo drobaa nzima na sababu yake ya kuwepo duniani.

Rudia jaribio hilo hilo kwa springi ya kuvuta, mfano ile ndogo ya breki ya baiskeli. Kata popote, kwenye mwili au kwenye kulabu. Umebaki na kipande kwenye kila mkono.

Tuziweke ubavu kwa ubavu

Nianze na kukatika maana ndo penye uzito. Springi ya kuvuta mzigo wote unapita kwenye kulabu mbili, na kulabu inapata shida mbili kwa wakati mmoja, inapindwa na inasokotwa, wakati koili za katikati zinasokotwa tu. Ndo maana inaanza kufa pale shingoni. Kama shingo imekunjwa kona kali, labda fundi ameikunja kwa plaizi, inakufa mapema zaidi. Kona ya ndani ya kulabu isiwe ndogo kuliko unene wa waya wenyewe, na ikiwa pana zaidi ya hapo ni bora. Alafu ikikatika ikiwa imevutika inaruka, ile nguvu iliyokuwa imehifadhiwa lazima iende mahali, na inaweza kwenda usoni kwa mtu. Milango ya gereji za Marekani inayopanda juu kwa springi za kuvuta huwa inapitishiwa waya wa chuma katikati ya springi, ukifungwa huku na huku, ili siku springi ikikatika vipande visiruke vibaki vimetungwa kama shanga. Akili ya bei rahisi kabisa hiyo na sisi huku tunaweza kuiga kesho asubuhi.

Drobaa ikikatika springi, mzigo unashuka sentimita kadhaa unasimama, unaning'inia kwenye zile U. Unashtuka, unasema "astaghfirullah", unashuka unaenda kutafuta springi nyingine. Ila usinisikie vibaya, drobaa siyo kwamba haiwezi kuangusha mtu. Zile U zenyewe zikiwa za chuma chembamba au vikulabu vyake vikifunguka, unaanguka vile vile. Ulinzi uko kwenye U, siyo kwenye springi, kwa hiyo ukienda dukani usihangaike kukodolea macho koili, angalia U zina unene gani na ncha zake zimekamata vipi.

Kitu cha pili ni mwisho wa mwendo. Springi ya kuvuta haina breki. Ukiizidishia inakubali tu, inavutika, inavutika, alafu ukiachia hairudi, unaona mwanga unapita katikati ya koili ambazo zamani zilikuwa zimegusana. Hapo imeshaharibika hata kama bado inavuta, mkazo wa mwanzo umeondoka na urefu umebadilika. Drobaa ina breki yake ya kuzaliwa, koili zikigusana imefika, huwezi kuivuta zaidi. Hii ina ubaya wake pia, ikigonga mwisho wakati mzigo unatembea kwa kasi ule mshtuko wote unahamia kwenye cheni na kwenye boriti na kwenye ile skrubu uliyofunga bila kutoboa tundu la kutosha. Drobaa inayogonga mwisho kila siku ni ndogo, badilisha.

Kwenye mwendo drobaa inapigwa. Inaweza kusogea tu kiasi cha nafasi zilizopo kati ya koili, basi. Springi ya kuvuta ya urefu ule ule ukiichagua vizuri inaweza kuvutika karibu sawa na urefu wake yenyewe. Na kwa uzito na unene drobaa ni limtu, springi ya kubana na vyuma viwili ndani, huwezi kuichomeka penye kona ya sentimita mbili. Bei pia iko juu, sioni haja ya kuficha.

Kelele zinatofautiana. Springi ya kuvuta inanyamaza au inalia ting ting kidogo. Drobaa inalia nyiii nyiii kwa sababu zile U zinasugua ndani ya koili, hasa kukiwa na vumbi, na usiku mtu akibembea nyumba nzima inajua. Grisi nzito kidogo ndani ya koili inanyamazisha, ila huku kwetu grisi inakamata mchanga baada ya muda inageuka kuwa msasa, kwa hiyo lazima uifute na kupaka upya mara moja moja.

Sasa ipi wapi

Stendi ya pikipiki hakuna mjadala, ni springi ya kuvuta. Stendi inavyozunguka springi inapita upande wa pili wa pini, ndo maana ikiwa chini springi inaivuta ibaki chini na ikiwa juu inaivuta ibaki juu, na ili ifanye hivo inahitaji mwendo mrefu kwenye sehemu nyembamba, drobaa utaiweka wapi hapo. Ukiangalia pikipiki nyingi utakuta springi mbili, nyingine imeingia ndani ya mwenzake au zimekaa sambamba. Moja ikikatika ya pili inashikilia stendi isidondoke ukiwa kwenye kona. Bodaboda wengi moja ikikatika hawanunui, wanafunga mpira wa tairi. Mpira unavuta kweli, ila jua linaula, na siku huo mpira ukikatika wakati unakata kona ya kushoto stendi ikagusa lami, pikipiki inainuka. Springi ya stendi ni kitu cha bei ndogo jamani.

Trampolini za watoto na vile vitanda vya chuma vya bweni vyenye wavu, vyote ni springi za kuvuta na vinabeba binadamu kila siku. Mbona basi bembea yangu nimeiwekea drobaa? Tofauti ni idadi. Trampolini kubwa inaweza kuwa na springi zaidi ya 70, moja ikikatika zilizobaki hata hazishtuki. Bembea ina mbili. Kwa hiyo kama mzigo umegawanywa kwa springi nyingi, kuvuta inatosha, kama maisha ya mtu yako kwenye springi moja au mbili weka drobaa. Ila kwa trampolini ukitaka kununua za kubadilisha pima urefu wa springi ikiwa imetolewa, imelegea, kutoka nje ya kulabu hadi nje ya kulabu. Watu wanapima ikiwa imefungwa, imeshavutika, alafu wanaletewa springi ndefu, kitambaa kinalegea kama chandarua.

Geti dogo la kujifunga lenyewe, mlango wa wavu wa mbu, springi ya kuvuta. Pedali, kandamizi la mashine, kurudisha leva, kuvuta. Hapa hata ikikatika hasara ni mbu.

Begi la ngumi, drobaa. Begi lina kilo 30 au 40, kijana anapiga, linarukaruka, cheni inalegea alafu inakazika ghafla, na dari ndo inapokea. Wale vijana wangu walikuwa wamefunga cheni moja kwa moja kwenye boriti ya banda, kila wakipiga bati linapiga kelele mpaka bibi wa jirani anakuja kugombana. Tulivyoweka drobaa kelele ikapungua kabisa na ile skrubu ya macho haikutoka tena. Kiti cha kuning'inia, machela ya watu wazima, vile vile.

Boti ikifungwa gatini mawimbi yanaivuta na kuiachia, kamba inapigwa mshtuko kila dakika, na kuna springi za stenlesi za kuweka katikati ya kamba, ukizitazama ni drobaa hizo hizo. Wengi huku wanatumia kamba ndefu na matairi na inafanya kazi, sitawalazimisha.

Kuchagua saizi

Kwa chuma cha aina moja, ugumu wa springi unaamuliwa na vitu vitatu, unene wa waya, upana wa koili na idadi ya koili. Ila havina nguvu sawa. Waya ukinenepa mara mbili, upana na idadi vikibaki vile vile, ugumu unapanda mara 16. Upana wa koili ukiongezeka mara mbili, ugumu unashuka mara 8. Idadi ya koili ni moja kwa moja tu, nusu ya koili ni ugumu mara mbili. Kwa hiyo ile tabia ya kusema "hii ni kama ile tu, imezidi kidogo unene" ni hatari: springi ya upana wa nje milimita 16 yenye waya wa milimita 2, ukileta nyingine ya 16 hiyo hiyo yenye waya wa 2.2, umeongeza ugumu zaidi ya asilimia 50. Kwa macho huwezi kuziona tofauti, nunua kalipa, kile kifaa cha kupimia unene.

Na hii ya kukata, naona mtu springi yake ngumu anaikata ili ilegee. Unaifanya ngumu zaidi! Ya koili 40 ukibakisha 20 inakuwa ngumu mara mbili.

Springi ya kuvuta unayoikuta dukani haina maandishi, kwa hiyo ipime mwenyewe. Itundike, funga ndoo, weka maji mpaka jumla na ndoo iwe kilo 4, pima imevutika kiasi gani kutoka urefu wa mwanzo. Ongeza ifike kilo 8, pima tena. Mimi ya mlango wa wavu ilivutika milimita 16 kwa kilo 4 na milimita 43 kwa kilo 8. Ina maana kilo 4 za ziada zimeisogeza milimita 27, yaani kila milimita ni kama gramu 148. Sasa rudi nyuma: milimita 16 mara gramu 148 ni kilo 2.4 hivi, lakini mimi niliweka kilo 4, hiyo kilo 1.6 iliyopotea ndo mkazo wa mwanzo. Kwa hiyo mlango ukisukumwa na upepo wa chini ya hapo hautikisiki, na hicho ndo nilikuwa natafuta. Kosa wanalofanya watu ni kupima mara moja tu na kugawanya kilo kwa milimita, unapata namba ya uongo kwa sababu mkazo wa mwanzo umeingia humo humo.

Drobaa ni rahisi kupima bila ndoo. Zangu hizi nilizokalia zina waya wa milimita 8, upana wa nje 50, koili 10 jumla na urefu wa springi ikiwa huru ni milimita 130. Koili 10 zikigusana ni 10 mara 8, milimita 80, kwa hiyo mwendo ni 130 kutoa 80, milimita 50. Koili mbili za mwisho zimelala, hazifanyi kazi, zinazofanya kazi ni 8, na kwa chuma cha kawaida cha springi hesabu inakuja kama kilo 7 kwa kila milimita, mpaka igonge mwisho ni kilo 350 hivi.

Sasa mzigo. Watu wawili kilo 140, bembea yenyewe na cheni kilo 30, jumla 170, kila springi 85. Inashuka milimita 12, laini, unaisikia kidogo. Ila mtu hakai kama gunia. Mtu akijitupa ghafla, hata bila kuruka, springi inashuka mara mbili ya akikaa taratibu, hapo tumefika kilo 170 kwa kila springi. Akibembea kutoka nyuzi 45, akipita chini kabisa mzigo ni mara 1.6 hivi ya uzito wake, kutoka nyuzi 60 ni mara 2 kamili. Na mtu akikaa pembeni kabisa ya bembea kama shangazi alivyokaa, karibu uzito wake wote unaenda springi moja. Kwa hiyo mimi nachukua mzigo wa kawaida wa kila springi nazidisha kwa 3 na hiyo namba lazima iwe chini ya pale springi inapogonga mwisho. 85 mara 3 ni 255, springi inagonga 350, niko salama na bado ina ulaini. Usizidishe kwa 6 ukidhani ndo usalama zaidi, utapata springi ngumu ambayo haishuki hata sentimita moja, bora ungefunga cheni peke yake ukaokoa hela.

Kutu na ile sumaku

Sisi wa pwani adui wetu ni chumvi. Springi nyeusi ya kawaida ya barazani Tanga au Mombasa inaanza kutoboka vidonda vidogo vya kutu, na kwenye springi kidonda kimoja ni mahali pa kuanzia ufa. Ya zinki inajitahidi kwa muda. Stenlesi ndo jibu, na kuna stenlesi 304 na stenlesi 316, hii ya pili ina madini ya molibdenamu ndani na inavumilia chumvi zaidi, kama uko karibu kabisa na maji au ni ya boti chukua 316. Jua tu kwamba stenlesi ni laini kidogo kuliko chuma cha kaboni, springi ya vipimo vile vile itashuka kama asilimia 12 hadi 15 zaidi.

Wauzaji wanapenda kukuonyesha kwa sumaku, "ona haishiki, stenlesi hiyo". Kwenye sufuria sawa, kwenye springi inapotosha. Waya wa 304 ukivutwa kwa baridi ili uwe mgumu wa springi unaanza kushika sumaku, kwa hiyo springi halali kabisa inaweza kuvuta sumaku na mteja akaikataa. Tumia maji ya chumvi, loweka usiku mmoja, asubuhi unaona.

Alafu usimpelekee mtu springi yako akaipake zinki upya kwa umeme. Tindikali na ule umeme vinaingiza haidrojeni ndani ya chuma kigumu, na kama haikuokwa kwenye tanuri masaa kadhaa mara baada ya kutoka inakuwa kama biskuti, inaweza kukatika yenyewe usiku imening'inia tu hakuna aliyeigusa.

Mafundi wetu

Nawaheshimu sana, nimejifunza kwao, ukienda mitaa ya mafundi kama Gerezani ya Dar au Kamukunji ya Nairobi kuna watu wanakutengenezea kitu usichoamini. Ila kwenye springi kuna kosa moja linarudiwa kila siku: kulabu imekatika, fundi anachukua nondo anachomelea kulabu mpya. Inaonekana imara kuliko ya kwanza. Joto la kuchomelea limeshaua ugumu wa waya pale pembeni, sehemu nyingine imelainika nyingine imekuwa kama kioo, itakatika milimita chache kutoka kwenye weldi. Springi haichomelewi. Kulabu ikikatika nunua nyingine, au kama ni ndefu kunja koili ya mwisho ukijua umepunguza koili na springi imekuwa ngumu kidogo.

Kinachowezekana mtaani ni kutengeneza drobaa. Tafuta springi nzima ya shokapu ya nyuma ya pikipiki, zipo kwa mafundi zimetupwa tu maana kinachokufa kwenye shokapu mara nyingi ni sili na oili, springi inabaki. Tengeneza sahani mbili za bati nene la milimita 6 au zaidi, duara, pana kuliko koili, kila moja itobolewe matundu manne. Alafu chukua raundi baa ya milimita 10, siyo nondo ya zege yenye meno, kunja U mbili, ncha zake zikatwe thredi. U ya kwanza inapita matundu mawili ya sahani ya juu, ndani ya springi, inatokea kwenye sahani ya chini inafungwa nati. Ya pili inatoka chini inaenda juu, imekaa msalaba na mwenzake zisigongane. Nati ziwe za plastiki ndani zile zisizofunguka, au nati mbili mbili kila ncha. Hakuna weldi hata moja. Hii naipenda kuliko hata baadhi ya za dukani ambazo ncha ya U imekunjwa tu kama kulabu ya nguo.

Ipakie kwanza magunia ya mchanga kilo 200, iache siku nzima, angalia kona za U na nati, ndo uite watu.

Kama umeshafunga springi za kuvuta kwenye bembea na hela ya drobaa haipo mwezi huu, usizitoe. Nunua kipande cha cheni, kifunge sambamba na kila springi kutoka kulabu mpaka kulabu ila ukikamate kwenye shakeli, siyo kwenye kulabu yenyewe, kikiwa kimelegea. Urefu wake uwe unazidi springi ikiwa na watu wawili kwa sentimita mbili tatu hivi. Springi ikikatika cheni inadaka, na ikizidiwa cheni inaizuia isivutike ikaharibika. Funika kwa mpira wa baiskeli ulioupasua ili cheni isikune vidole vya watoto, na kila ukifagia baraza inama uangalie shingo za kulabu, ukiona kamstari kekundu ka kutu kamezunguka pale inapoinama, huo ni ufa, shusha bembea siku hiyo hiyo.